Nuksi ya Kanga

Mzaha wenyewe ulitoka kinywani mwake, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumnung'unikia. Ulimi uliponza kichwa, na Fundi Makochi aliijua methali hiyo tangu hajaota meno ya pili. Lakini kuijua methali ni kazi nyepesi. Kazi ni kufunga mdomo pale watu wanapotaka kucheka.

Alikuwa shabiki wa Kanga. Si kanga ya kujitanda, ni kanga yule ndege wa madoadoa, maana jezi ya timu ilikuwa nyeusi yenye vidoa vyeupe, na yeyote aliyewaona uwanjani wakikimbia huku na huko bila mpangilio alikubali kwamba jina limewafaa. Tawi lao la mashabiki lilikutana katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha Kinyozi, mwenyekiti wa tawi. Humo mlikuwa na televisheni kubwa, feni inayolalamika, na kochi moja refu. Kochi hilo Fundi alilitengeneza mwenyewe akawapa zawadi. Alisaka kitambaa cheusi chenye vidoa mji mzima, akachagua mbao ngumu za fremu, akakunja pembe kwa uangalifu ambao wateja wake hawakuupata kila siku. Mwisho wa kochi, upande wa dirisha, ndipo alipokaa yeye. Alikaa hapo misimu na misimu mpaka sponji ikabonyea na kushika umbo lake. Mtu mwingine akikaa hapo alizama, akabaki magoti juu kama panzi.

Sasa huo mzaha. Katikati ya msimu, Kanga wakiwa wanapokea vipigo kila wiki, Fundi alisafiri kwenda kumuuguza kaka yake, akakosa mechi. Kanga wakashinda mabao manne. Aliporudi akawakuta wenzake kwa Kinyozi wana furaha ambayo hakuwa ameiona kwao tangu mwaka jana, akataka na yeye aichangie. Akasema, "Jamani, kumbe nuksi ni mimi. Nimeondoka tu, mmefunga manne." Wakacheka. Kinyozi alicheka mpaka ikabidi auondoe wembe kwenye kidevu cha mteja.

Wiki iliyofuata Fundi alikuwepo, Kanga wakafungwa. Mmoja akasema, "Nuksi karudi," wakacheka, ila si kama mwanzo. Wakafungwa tena, na safari hii aliyesema hakucheka. Halafu kukatokea mteja aliyetaka makochi yake yafike Jumamosi, siku ya mechi, kwa sababu alikuwa anapokea wakwe. Fundi akayapeleka, akakaa huko kuyapanga, na Kanga wakashinda. Aliporudi pale kibandani watu walimsalimia vizuri kabisa, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgonjwa.

Ukimuuliza Fundi kwa nini Kanga walikuwa mkiani mwa ligi, hakuwa na haja ya kukuna kichwa. Walimwachia kiungo mkabaji aende klabu nyingine, hawakuleta wa kuziba pengo. Kiungo mkabaji, alikuwa akisema, ni ile mikanda inayofungwa chini ya kochi. Haionekani, hakuna mgeni anayeisifia, lakini ikikatika, hata ufunike juu kwa hariri, utakalia sakafu. Beki wa kushoto alikuwa amebaki jina. Mawinga vijana walimpita huku wakimpa shikamoo. Mshambuliaji mpya alitangazwa kwa mbwembwe nyingi, akafunga bao moja tu, nalo alijifunga. Kocha akafukuzwa, akaja mwingine aliyejua sana kuzungumza na waandishi wa habari. Na ugenini ndiko kulikokuwa na aibu kubwa zaidi, maana msimu mzima hawakuwa wamepata ushindi hata mmoja nje ya uwanja wao. Jirani wa Fundi, fundi baiskeli aliyeshabikia timu nyingine, alikuwa na salamu yake ya kila Jumatatu. Alinyanyua kichwa kutoka kwenye mnyororo wa baiskeli, akasema taratibu, "Kanga hazai ugenini, jirani," kisha akaendelea na kazi.

Kuhusu zile mechi mbili alizokosa, Fundi alikuwa na maelezo. Zote zilichezwa nyumbani. Ya kwanza wapinzani walitolewa wachezaji kwa kadi nyekundu, ya pili kipa wao aliumia wakamvisha glavu beki. Hata mimi na wewe tungewafunga. Aliyaeleza hayo kwa utaratibu, akichora kwa kidole kwenye mkono wa kochi, na wenzake walimsikiliza wakitikisa vichwa kukubali. Kisha wakaangaliana. Beki wa kushoto huwezi kumtoa uwanjani ukiwa nyuma ya kibanda cha kinyozi, lakini Fundi alikuwa pale pale, karibu, wa kufikiwa kwa mkono.

Ikabaki mechi ya mwisho. Kanga wakishinda wanabaki ligi kuu. Sare au kufungwa, wanashuka daraja. Na mechi ni ugenini.

Kinyozi alikuja karakana siku chache kabla, mikono mfukoni. Fundi alipoiona hiyo mikono mfukoni akajua kuna jambo, kwa sababu mtu yule hata akiongea na msikiti mzima au kanisa zima mikono yake hukata nywele hewani.

"Za kazi, Fundi."

"Njema. Usikalie hilo, gundi haijakauka."

Kinyozi akasimama. Akasifia kitambaa, akauliza habari za kaka mgonjwa, akaulizia watoto. Fundi akaendelea kupigilia misumari midogo, akimngoja amalize kuzunguka mbuyu.

"Nimetumwa," Kinyozi akasema mwishowe.

"Wewe ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti anatumwa na nani?"

"Na wanachama. Unajua Jumamosi ilivyo. Sasa watu wanasema... mimi mambo haya siyaamini, unanijua."

"Nakujua."

"Wanasema iwe tahadhari tu. Jumamosi ukae nyumbani. Usitazame."

Fundi akaweka nyundo chini. "Na redio?"

"Redio pia usisikilize. Na simu uizime, asije mtu akakutumia matokeo."

Hawa wawili walikuwa wamejuana tangu wakiwa na makamasi. Walipokuwa wadogo, wote wawili walimiliki jezi moja ya Kanga. Kipindi cha kwanza anavaa huyu, cha pili anavaa yule, na wakati wa mapumziko wanavuliana mbele za watu bila haya. Fundi akamkumbusha hilo.

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu," Kinyozi akasema. "Wenzangu walitaka nikutumie ujumbe."

"Na wewe unaamini?"

Kinyozi akatazama vumbi la mbao sakafuni. "Naogopa, ndugu yangu. Mtu akiogopa huwezi kumuuliza anaamini nini."

Fundi akampa ahadi. Alimpa kwa sababu aliipenda Kanga, na kwa sababu angekataa, halafu timu ishuke, asingepata pa kuuweka uso wake. Lakini ahadi ilipokwisha kutoka, na Kinyozi alipokwisha kuondoka akiwa na mikono yake nje ya mifuko, Fundi alikaa juu ya fremu isiyo na sponji akaanza kuielewa vizuri. Kanga wakifungwa, wanashuka, lakini yeye anarudi kwenye kochi lake, maana itakuwa imeonekana kwamba nuksi si yeye. Kanga wakishinda, wanabaki, na yeye ndio basi tena. Atakuwa amethibitishwa. Nani atamruhusu arudi baada ya hapo? Hakuna tokeo ambalo lingemwacha na vyote viwili, timu yake na mahali pake.

Nyumbani alimweleza mkewe, akidhani atachekwa. Mkewe hakucheka. Aliweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Nuksi? Mimi nimekaa na wewe tangu ukiwa na nywele. Watoto wamesoma, wameolewa, wameoa, nyumba haijaungua. Ni nuksi gani hiyo inayofanya kazi Jumamosi tu?"

"Wana hofu."

"Wamwambie yule beki wao wa kushoto, babu wa watu, akapumzike. Na shemeji yangu Kinyozi naye kakubali?"

"Ndiye aliyeniletea habari."

"Haya," mkewe akasema. "Siku atakayokuja hapa kuomba chai, nitamwambia maji yana nuksi."

Jumamosi ikafika. Fundi akazima simu, akaipa mkewe aifungie kabatini, akaenda karakana kujimaliza kwa kazi. Alikuwa na kiti cha kuvisha, kiti cha mzee mmoja mstaafu asiye na haraka yoyote, ila alikishambulia kama kinatakiwa jioni hiyo hiyo. Mtaa ulikuwa umenyamaza. Kila nyumba ilikuwa na televisheni au redio inayonong'ona, na yeye peke yake, ambaye hajawahi kukosa fainali wala mechi ya kirafiki, alikuwa anapiga nyundo. Alipiga kwa nguvu makusudi, sauti zisimfikie. Lakini nyundo huwezi kuipiga bila kupumzika.

Alikuwa anachagua msumari aliposikia jirani yake, fundi baiskeli, akipiga kelele za furaha hapo nje. Kisha ikaja sauti yake ile ile ya Jumatatu, ila sasa kaipandisha ili ivuke ukuta: "Kanga hazai ugenini, jirani."

Wamefungwa.

Na Fundi akasikia kitu kikilegea kifuani, kikawa chepesi, kikampanda mpaka usoni. Ilikuwa furaha. Aliigeuza huku na huku akitafuta jina jingine la kuipa, akakosa. Tangu apate akili zake hajawahi kufurahi Kanga wakifungwa, hata siku moja, hata alipokuwa amegombana na tawi zima. Aliona aibu hata akatazama mlangoni kuhakikisha hakuna mtu aliyeuona uso wake. Msumari ukamtoka mkononi.

Mkewe alimkuta ameketi hivyo, alipomletea chai.

"Unaumwa?"

"Wanafungwa."

"Nimesikia. Pole."

"Usinipe pole. Nimefurahi."

Mkewe akavuta kigoda akakaa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alijua siku za kuyaweka kando. Baadaye akasema, "Nikakuletee redio? Hakuna atakayejua. Mimi siwezi kukusemea."

"Nikisikiliza wakafungwa, itakuwa ni mimi."

"Na usiposikiliza?"

"Wakishinda, itakuwa ni mimi vile vile."

"Basi sikiliza roho yako itulie."

Alitikisa kichwa. Aliombwa na mtu waliyevuliana naye jezi, akakubali, na ahadi ni deni hata kwa mwenye kukuonea. Akajaribu kuomba dua Kanga wasawazishe. Maneno yalitoka mdomoni, moyo haukuyafuata. Akajaribu tena akiwataja wachezaji mmoja mmoja, akianza na kipa, na alipofika kwa beki wa kushoto akajikuta anamhurumia kwa mara ya kwanza. Mzee wa watu naye yuko huko anakimbizana na vijana, anazomewa, anajua kila kitu kinachosemwa juu yake.

Kipindi cha pili kilimfikia kwa njia ya jirani. Fundi baiskeli alikuwa akiimba. Halafu akaacha kuimba. Fundi alijua maana yake, akashika nyundo asiitumie. Mkewe naye alikuwa amekaza macho ukutani. Kukapita kimya kirefu, kisha ikasikika redio ya jirani inazimwa, na punde, kutoka upande wa kibanda cha Kinyozi, ukaja mngurumo wa watu uliopita juu ya mapaa yote na kuingia karakana bila kubisha.

Kanga walikuwa wamezaa ugenini.

Mkewe alimtazama. Fundi alitaka kusimama apige kelele, kama mtu yeyote, kama miaka yote. Akasimama, na kelele haikuja. Akakaa tena, akapigilia msumari mmoja kwenye kiti cha mstaafu, na ulikwenda upande.

Wakaja kumchukua. Alisikia nyimbo zinakuja zinakua, kisha karakana ikajaa watu waliovaa vidoa, wanalia, wanacheka, wanamkumbatia kwa jasho lao. Kinyozi alikuwa hana sauti tena. "Mbili kwa moja," alinong'ona kwenye sikio lake, "dakika za nyongeza, Fundi, dakika za nyongeza. Wewe ndiye mchezaji bora wa msimu." Wakamnyanyua begani. Mtu mzima, na tumbo lake, na nyundo mkononi, akapitishwa mtaani juu juu, watoto wakishangilia, wanawake wakipiga vigelegele, fundi baiskeli akiwa ameinamia baiskeli asiyoitengeneza. Kwa kipande kile cha barabara Fundi alisahau. Alicheka. Alipunga nyundo. Huko mbele aliiona bendera ya tawi juu ya kibanda cha Kinyozi, akajua wanampeleka kwenye kochi lake.

Kwenye kona wakageuka. Wakamrudisha kwa njia ile ile mpaka mlangoni kwake, wakamshusha taratibu, wakampangusa vumbi.

"Twendeni basi," Fundi akasema, akitafuta ndala iliyomvuka. "Wataonyesha marudio."

Watu wakatazamana. Kinyozi akajikohoza.

"Fundi, wewe pumzika. Umefanya kazi kubwa leo."

"Kazi gani? Nimekaa. Nataka nione hayo mabao."

"Utayaona siku nyingine."

"Mechi imekwisha, bwana. Marudio hayabadiliki."

"Najua imekwisha," Kinyozi akasema. Alionekana kweli ana huruma. "Ila tusiichokoze."

Wakaondoka wakiimba, na jina lake likiwa ndani ya wimbo. Mkewe alimkuta mlangoni ana ndala moja, akamwingiza ndani.

Baada ya wiki kadhaa Kinyozi akaja tena karakana. Safari hii mikono ilikuwa nje, inakata hewa. Alikuwa na ombi dogo. Tawi lilipata mwanachama mpya, dereva wa lori, mtu mzuri sana, wakampa ile nafasi ya dirishani kwa kuwa ilikuwa wazi. Sasa pale pamebonyea, mtu wa watu anazama, hata televisheni haoni vizuri. Fundi akipata nafasi, siku isiyo na mechi, aje apajaze.

Fundi alimtazama. Kilichomuuma ni kwamba mwenzake hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anaomba sponji, kama mtu anayeomba chumvi.

"Nitakuja Jumanne," akasema.

Jumanne akaenda na mkasi, nyundo na sponji mpya, ngumu kuliko ile aliyokuwa ameweka mwanzo. Akang'oa misumari, akakunjua kitambaa cha vidoa, akaitoa sponji ya zamani. Ilitoka na umbo lake lote, pana kushoto, jembamba kulia, kwa maana siku zote aliegemea dirisha. Akaiweka pembeni. Kinyozi alikuwa anasafisha mashine zake huku anaongea, ameridhika na dunia, na mwisho akauliza lile swali ambalo alimwuliza Fundi kila mwaka kipindi kama hiki.

"Msimu ujao unatuonaje?"

"Wamesajili nani?"

"Mshambuliaji. Wanasema ana kasi ya ajabu."

"Kiungo mkabaji?"

"Hapana."

"Na beki wa kushoto?"

"Wamemwongezea mkataba."

Fundi alikata sponji mpya kwa kipimo, akaisukumia mahali pake, akakivuta kitambaa. "Basi mtafungwa," akasema. "Mtafungwa nyumbani na ugenini, na safari hii mtashuka."

"Usiseme hivyo, Fundi. Mambo ni tofauti sasa. Ile nuksi tumeshaijua."

"Mmeijua. Sawa." Akapigilia msumari, na mwingine. "Mkifungwa mechi ya kwanza, na mimi niko nyumbani, simu imezimwa, iko kabatini kwa mke wangu. Mtamlaumu nani?"

Kinyozi alifungua mdomo ajibu. Macho yake yakaanza kutembea kwenye kochi, mahali pa huyu, mahali pa yule, yakafika kwa dereva wa lori yakatua kidogo, kisha yakarudi katikati, mahali alipokuwa akikaa yeye mwenyewe. Hapo yakabaki.

Fundi akamaliza. Akakaa dirishani kujaribu kazi yake, kama anavyojaribu kila kochi kabla ya kulikabidhi. Lilikuwa gumu, limenyooka, halimjui. Akainuka, akakusanya misumari, akaibeba sponji kuukuu kwapani, akapita mtaani nayo mchana kweupe. Fundi baiskeli alinyanyua kichwa amtanie, akaona alichobeba, akarudi kwenye mnyororo wake.

"Hilo dude la nini ndani ya nyumba yangu?" mkewe akauliza.

"Mahali pangu," akasema, akaiweka karibu na ukuta, akakaa.